Kutoka nyika ya Taru hadi baridi ya Butembo: historia ya barabara inayotulisha

Kila mara bei ya sukari, saruji au mafuta ya gari inapopanda hapa Butembo na Beni, watu wanaulizana sokoni: kumetokea nini tena? Mara nyingi tunatafuta jibu karibu. Tunataja barieri, duane ya Kasindi, potopoto ya Bulongo, au wale wanaoua watu porini. Majibu mengi yako hapo kweli. Lakini barabara inayotuletea vitu ina urefu wa karibu kilomita 1,700, na inaanzia baharini, Mombasa. Kabla lori halijauona mlima wowote, linapita kwanza katika nchi kavu ambayo Wazungu wa zamani waliiita jangwa. Leo ninaisimulia njia hiyo kuanzia kule, kwa walio nyumbani kwao na kwa nyinyi mliokimbia Mbau, Oicha, Rwenzori au Lubero, mnaokaa kambini, shuleni ama kwa ndugu, na ambao kila siku mnayaona malori hayo yakipita mbele yenu.

Nchi hiyo kavu inaitwa nyika ya Taru. Iko nyuma tu ya pwani. Ukitoka Mombasa, kwenye minazi na joto lenye unyevu, unapanda kidogo hadi Mazeras na Mariakani, halafu majani mabichi yanaisha. Kinachobaki ni vichaka vya miiba, mibuyu hapa na pale, na vumbi jekundu linaloingia puani na ndani ya chakula. Siyo jangwa la mchanga kama Sahara tunayoiona kwenye picha. Ni pori kavu. Mvua inakuja mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na kuna miaka inakuja kidogo mno ama inakataa kabisa. Ikija kwa nguvu, ardhi ile iliyopasuka kwa ukame inageuka kuwa bwawa kwa muda wa saa chache.

Kabla ya reli na gari, misafara ilipita hapo kwa miguu. Walikuwa Waswahili, Waarabu, Wakamba na wapagazi wa Kimijikenda, wakibeba nguo, shanga na nyaya za shaba kwenda bara, na kurudi na pembe za ndovu. Hofu yao kubwa ilikuwa maji. Pale Taru kuna mwamba wenye mashimo ya asili, yanaitwa ngurunga, yanayohifadhi maji ya mvua. Msafara ulijaza vibuyu pale, kisha ukatembea hadi kilima cha Maungu, zaidi ya kilomita 50, bila kupata tone njiani. Watu walipendelea kutembea usiku ili jua lisiwaue. Na ukifika Maungu ukute mashimo ya huko nayo yamekauka, unafanya nini? Mpagazi aliyebeba mzigo kichwani tangu jana hawezi kugeuka.

Katika vitabu vya Wazungu njia hiyo ni ya Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyepita mwaka 1848 akielekea Uchaga na kuwaandikia watu wa Ulaya kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, na wasomi wakakataa kumwamini. Au ni ya Joseph Thomson, kijana wa Scotland aliyepita mwaka 1883. Wapagazi waliowaonyesha mashimo ya maji walikuwa wanayajua kabla ya hao wote, lakini majina yao hatuyasomi.

Halafu ikaja reli. Waingereza walianza kuijenga Mombasa mwaka 1896, na wakaleta kutoka India wafanyakazi zaidi ya 30,000. Taru ilikuwa mtihani wao wa kwanza. Hakukuwa na maji ya kunywa wala ya injini za mvuke, kwa hiyo ikabidi maji yaletwe kwa treni kutoka nyuma, kadiri reli ilivyosogea mbele. Walipofika mtoni Tsavo mwaka 1898, simba wawili waliwala wafanyakazi hadi kazi ya daraja ikasimama. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu, kando ya ziwa Victoria, Desemba 1901. Wahindi karibu 2,500 walikufa katika kazi hiyo. Waafrika waliokufa hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo.

Reli haikujengwa kwa sababu mtu aliwahurumia watu wa Taru waliokunywa maji ya mashimo. Waingereza walitaka kufika Uganda na kwenye chanzo cha mto Nile kabla ya wengine. Palipokuwa na anayetaka kupita, maji yalipatikana, hata kwa treni.

Na upande wetu, wakati huo, kulikuwa na nini?

Kulikuwa na barabara pia, ingawa siyo ya magurudumu. Wazee wa Bunande wamekuwa wakisimulia njia za chumvi. Watu walishuka kutoka milimani na maharage, ndizi na vyakula vingine hadi karibu na ziwa ambalo baadaye liliitwa Edouard, na kurudi na chumvi ya Katwe. Ziwa dogo la chumvi la Katwe liko leo upande wa Uganda, si mbali na Kasindi. Chumvi hiyo ilikuwa mali hasa: wafalme wa Bunyoro na wa Toro waligombea, na mwaka 1891 Lugard, mwanajeshi Mwingereza, akajenga ngome pale ili kuishika. Ni kusema kwamba biashara ya kuvuka bonde la Semuliki haikuanza na duane. Mababu zetu walikuwa wanalivuka na mizigo mgongoni.

Mwaka 1889 msafara mkubwa wa Stanley ulipita hapa hapa. Ulikuwa umetoka msitu wa Ituri, ukavuka Semuliki, ukapita chini ya Rwenzori hadi Katwe, kisha ukaendelea kwa miguu hadi Bagamoyo, ambako ulifika Desemba mwaka huo. Alipoanza alikuwa amechukua Wazanzibari zaidi ya 600. Waliletwa kwa meli, wakizunguka ncha ya kusini ya Afrika, kisha wakapandishwa kwa mto Kongo. Wengi hawakurudi kwao. Njaa, vita na homa viliwamaliza msituni, na watu wa vijiji walivyopitia waliona mazao yao yakichukuliwa kwa bunduki. Wale waliobaki hai walitembea kutoka mvua isiyokoma ya Ituri, wakapita joto la bonde, na mbele wakakuta nyika kavu za Tanganyika. Hiyo ndiyo hali ya hewa ya njia yetu tangu zamani: ndani ya safari moja mtu anaoza kwa maji, halafu anakauka kwa kiu.

Mwaka 1910 Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuhusu mipaka. Mto mdogo wa Lubiriha ukawa ukuta. Wakonzo wakabaki ng'ambo, Wanande wakabaki huku, watu wa lugha karibu moja, na chumvi ya Katwe ikawa bidhaa ya nchi ya kigeni. Baadaye, bonde la Semuliki lenyewe likaondolewa watu. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeenea, na utawala wa kikoloni ukawahamisha wakaaji kwenda juu. Mbuga ya wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo leo tunaiita Virunga, ikapanuliwa na kulifunika bonde hilo katika miaka ya 1930. Nawaambia hivyo nyinyi mliohamishwa na vita: wale walioshuka na kupanda mlima huu na vyombo kichwani, bila kujua watarudi lini, hawakuanza mwaka 2014. Kuna koo zinazojua mpaka leo kwamba makaburi ya babu zao yako ndani ya mbuga.

Butembo yenyewe ilikua pale kampuni ya madini ya MGL ilipoweka kituo chake, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya dhahabu ya pande za Lubero na Manguredjipa. Barabara za magari zikalimwa kwa mikono ya watu waliolazimishwa. Kahawa ikapandwa. Wabelgiji walipenda mali yote ishuke kwa mto Kongo hadi Matadi, lakini kwa milima yetu Matadi ilikuwa mwisho wa dunia. Mombasa ilikuwa karibu zaidi. Mwaka 1956 reli ile ile iliyovuka Taru ikafika Kasese, kwa sababu ya shaba ya Kilembe, yaani kama kilomita 60 tu kutoka mpaka wa Kasindi. Ilikuwa imebaki kidogo ifike kwetu. Haikufika. Na katika miaka ya 1990 treni za Kasese zikasimama, majani yakaota juu ya vyuma.

Hapa niseme neno juu ya barabara ya Taru yenyewe, maana vijana wanafikiri kwamba kwa wenzetu lami ilikuwepo tangu uumbaji. Mombasa hadi Nairobi ilikuwa barabara ya udongo kwa miaka mingi, vumbi wakati wa kiangazi na matope mazito wakati wa masika. Mwaka 1953 walianzisha pale mashindano ya magari, yale yaliyokuja kuitwa Safari, na baadaye wakayaweka wakati wa Pasaka, mvua zinapoanza. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza 7 tu. Mengine yalibaki kwenye matope na mito iliyofurika. Watu wa Ulaya walikuja kushindana mara moja kwa mwaka katika barabara ambayo dereva wa lori aliipita kila juma bila kupewa kikombe.

Sisi wa Butembo tumeijua barabara hiyo zaidi kwa njia ya wafanyabiashara wetu. Baada ya uhuru, na baada ya vita vya mwaka 1964, wengi walikuwa wachuuzi wadogo wa maharage, mboga na samaki. Mobutu alipochukua maduka na mashamba ya wageni mwezi Novemba 1973 na kuyagawa, mali nyingi iliharibika mikononi mwa waliopewa, na serikali ikaacha barabara zife. Wafanyabiashara wa Butembo wakafanya kama walivyoweza. Kahawa na dhahabu vikatoka kwa mlango wa Kasindi, mara kwa kibali, mara bila kibali, vikarudi vitambaa, baiskeli, vipuri na magari. Kutoka Kampala wakafika Nairobi, kutoka Nairobi wakafika Mombasa, kisha Dubai, na baadaye Guangzhou. Mtu ambaye baba yake alibeba chumvi ya Katwe akawa anajaza kontena. Pesa za kutengeneza barabara zikachangwa mjini, hata uwanja wa ndege wa Rughenda ukajengwa kwa michango. Sisemi kwamba wote walikuwa watakatifu. Kuna waliotajirika kwa kukwepa ushuru, na wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, duane ya Kasindi ndiyo iliyolisha waliotawala Beni kwa bunduki. Lakini bila wale matajiri, mji huu ungekuwa kijiji cha kampuni iliyokufa.

Sasa fuata lori moja la kawaida, lenye saruji ama mafuta ya kupikia, kutoka bandarini. Madereva wanaoijua njia hii huweka koti chini ya kiti hata wakiondoka Mombasa wakiwa wanatoka jasho. Siku ya kwanza ni Taru, Voi na Tsavo, joto na vumbi, matairi yanapasuka. Halafu barabara inapanda hadi Nairobi, ambayo iko juu karibu sawa na Butembo, na usiku ni baridi. Limuru kuna ukungu. Inashuka tena katika Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, kisha inapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, mahali ambapo mvua ya mawe inaweza kukushika mchana kweupe. Pale pale inavuka Ikweta mara ya kwanza. Inashuka hadi Malaba kwenye joto, inaingia Uganda, inavuka Nile pale Jinja. Ikipitia Masaka, inavuka Ikweta mara ya pili pale Kayabwe, kisha bwawa la mto Katonga, halafu nchi ya ng'ombe ya Mbarara, kavu tena, yenye nyasi za manjano. Inateremka ukingo mrefu hadi mbuga ya Queen Elizabeth, inavuka mfereji wa Kazinga, na kabla ya Kikorongo inavuka Ikweta mara ya tatu. Mkono wa kulia sasa kuna Rwenzori, mita 5,109, ikijificha ndani ya mawingu siku nyingi za mwaka. Mbele kuna Mpondwe, daraja la Lubiriha, na Kasindi.

Kwa lori linaloendelea hadi Lubero kuna Ikweta ya nne, kusini ya Butembo. Sijui barabara nyingine ya biashara katika pande zetu inayocheza namna hiyo.

Katika njia ndefu kiasi hicho, kila mahali panaweza kukatika. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilibomoa sehemu za barabara ya Mombasa hadi Nairobi, katika nchi ile ile ambako misafara ilikufa kwa kiu. Tarehe 1 Mei 2013, na tena Mei 2020, mito inayotoka Rwenzori ilifurika upande wa Kasese, ikachukua nyumba na madaraja. Mwaka 2020 Lubiriha nayo ilitoka kitandani mwake na kuwafukuza watu pande zote mbili za mpaka. Mwaka huo huo Korona ilisimamisha malori katika foleni ya kilomita nyingi pale Malaba, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Mei 2023 maji yalikula daraja la Katonga, barabara ya Kampala kwenda Masaka ikafungwa, malori yakazungushwa mbali kupitia Sembabule. Katika kila tukio la namna hiyo, anayelipa siku za kungoja ni mnunuzi wa mwisho, na mnunuzi wa mwisho ni sisi.

Lakini fundisho kubwa kwangu ni la Januari 2008, kwa sababu halikutoka mbinguni. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu walianza kuuana. Barabara ikafungwa kwa mawe na magogo pande za Eldoret na Burnt Forest, reli ikang'olewa Kibera jijini Nairobi. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na zaidi ya laki 6 wakakimbia makwao. Familia zikalala katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret kama vile familia zetu zinavyolala shuleni. Mafuta ya gari yakakosekana Uganda, Rwanda na huku kwetu, na bei ikaruka. Wengi wa Butembo hawakuwahi kusikia jina la Burnt Forest, lakini waliilipia kwenye kila lita.

Wakenya walifungua barabara ile ndani ya majuma machache. Lori likaweza tena kutoka Mombasa hadi Mpondwe juu ya lami. Na baada ya Mpondwe?

Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80. Kutoka Beni hadi Butembo ni 54. Jumla 134 kati ya 1,700. Bonde la Semuliki kwanza ni joto, nyasi fupi, nchi iliyonyimwa mvua na kivuli cha milima. Mgeni angeweza kudhani amerudi Tsavo, hata ndovu wapo. Halafu Lume, Bulongo, Halungupa: mvua za Rwenzori, udongo unaoteleza, malori yaliyozama hadi mhimili. Kisha Beni, msitu na joto lenye maji. Kisha mwinuko wa Maboya na baridi ya Butembo, ambako dereva anavaa lile koti lake. Wapo madereva waliokaa siku nyingi zaidi katika sehemu hii fupi kuliko kutoka bahari hadi mpaka.

Na hali ya hewa siyo sababu. Hapa ndipo sikubaliani na wanaosema kwamba mvua yetu ndiyo iliyotushinda. Mvua ya Timboroa inazidi ya Bulongo kwa baridi, na ukame wa Taru ulikuwa unaua. Kule wenye nguvu walihitaji kupita, wakaleta maji kwa treni na baadaye lami. Huku kwetu waliokuwa na nguvu walitosheka na kuchukua ushuru pale Kasindi, na kuacha kilomita 134 kwa michango ya wafanyabiashara na kwa mabega ya vijana wanaosukuma magari.

Tarehe 16 Juni 2021, Rais Tshisekedi na Rais Museveni walikutana mpakani wakazindua kazi ya kutia lami: Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru, kilomita 223 kwa jumla. Watu walipiga makofi, mimi pia. Kazi haikwenda kwa mwendo ulioahidiwa. Waasi wa ADF, ambao walishambulia Mpondwe tayari mwezi Novemba 1996 na ambao tangu Oktoba 2014 wamemwaga damu ya Beni bila kukoma, walikuwa kando ya barabara hiyo hiyo. Vijiji vya sekta ya Rwenzori, kama Loselose, vilikimbiwa. Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi watu wakiwa katika ibada. Na tarehe 16 Juni 2023, miaka miwili kamili baada ya ule uzinduzi, wanafunzi waliuawa usiku katika shule ya Mpondwe, ng'ambo ya mto, karibu na pale marais waliposimama.

Upande wa kusini, mwezi Juni 2024 M23 ilichukua Kanyabayonga, na watu wa Lubero wakapanda kuja Butembo kwa maelfu. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, na gavana akaanza kufanya kazi akiwa Beni, mlango wa kusini ukafungika kwetu kwa biashara ya kawaida. Mji ambao zamani ulipeleka mboga na maharage Goma ukabaki ukitegemea zaidi Kasindi, na kwa hiyo ukategemea zaidi daraja la Katonga, ukungu wa Timboroa na masika ya Taru. Mama anayepima mchele kwa kikombe katika soko la Butembo yuko karibu na hali ya hewa ya Kenya kuliko anavyofikiri.

Lori haliendi tupu likirudi. Zamani lilibeba kahawa na mbao, na bado linabeba, lakini siku hizi mzigo unaozungumzwa zaidi ni kakao. Inatoka Mbau, Oicha, Mangina, Bulongo, katika mashamba ambayo wengi wenu mnaonisikiliza mlipanda kwa mikono yenu. Msimu wa kuvuna ndio msimu ambao mauaji huongezeka mashambani, na mwenye shamba akikimbia, kuna mtu mwingine anayevuna. Kakao hiyo inakaushwa, inatiwa katika gunia, inapimwa, inalipiwa ushuru Kasindi. Gunia halina jina la aliyepanda. Linavuka Lubiriha, linapita Kikorongo, Katonga, Malaba, linapanda Timboroa katika baridi na kushuka hadi Voi, halafu linaingia nyika ya Taru, ambako kama vuli haijanyesha dereva anafunga madirisha yote kwa sababu ya vumbi, na saa chache baadaye linanusa bahari.